Shamba la Mtani

Nilipoanza masomo ya uzamili nilikuwa na ulimi mkali na jozi moja ya viatu, na vyote viwili vilinipa tabu Morogoro. Programu yenyewe ilikuwa ngeni. Wakubwa wa chuo, kule Dar es Salaam, walikuwa wameamua kwamba historia, anthropolojia na jiografia zisomwe pamoja katika shahada moja. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kupanua fikra zetu. Sababu tuliyoijua sote ilikuwa upungufu wa walimu. Ndiyo ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaunganishwa, kinapunguzwa au kinauzwa. Mashirika ya umma yalitafutiwa wanunuzi, wanafunzi tulianza kusikia habari za kuchangia gharama, na maduka yaliyokuwa matupu nilipokuwa msichana yalijaa sabuni za kila rangi ambazo tulizitazama tu na kupita.

Msimamizi wangu alikuwa mwanajiografia, mpole wa sauti, mkali wa kalamu nyekundu. Mimi nilitaka kurudi kwetu Tabora nikaandike juu ya wapagazi wa misafara ya zamani, mada ambayo ningeifanya huku nikila chakula cha mama. Akakataa. Alisema Tabora naijua, na shahada haitolewi kwa mtu kusimulia anayoyajua. Akanituma milima ya Uluguru nikaangalie biashara ya mboga inawafanyia nini watu ambao ardhi yao ni ya ukoo. Nilinuna wiki nzima, kisha nikafunga sanduku langu la bati nikapanda basi.

Nilishuka Msamvu jua likiwa kali, na kesho yake nikaanza kupanda mlima kwa miguu nikiwafuata akina mama waliokuwa wanarudi kutoka kuuza karoti mjini. Wao walikuwa njiani tangu alfajiri na bado walikuwa na pumzi ya kusengenya. Mimi nilisimama kila kona nikijifanya natazama mandhari. Kijiji kilikuwa juu ya misheni, nyumba zimetawanyika mteremkoni, kila moja na migomba yake, na ukungu ukiingia ndani bila kubisha hodi. Katekista alikuwa amenitafutia chumba kwa mzee mmoja na mkewe waliolima kabichi bondeni.

Mzee nilimkuta uani anafunga matenga. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia akaniuliza kabila langu.

"Mnyamwezi, baba."

Akaitupa kamba aliyoishika. "Mama watoto! Toka nje uone! Mtumwa wangu aliyetoroka amejirudisha mwenyewe!"

Mtu asiyejua angedhani nimetukanwa. Lakini mimi nimekulia katika utani, na jibu lilinitoka kabla sijaweka sanduku chini. Nikamwambia sikuja kutumikia mtu, nimekuja kuchukua mlima wa babu yangu ambao Waluguru waliuiba alipolala usingizi. Akacheka mpaka akakaa kwenye tenga. Mkewe, mwanamke mrefu, mkimya, akaja kunipokea sanduku na kuniambia kwa sauti ya chini, "Karibu mwanangu. Huyo mzoee tu, hana dawa."

Wanyamwezi na Waluguru ni watani kwa sababu za historia, na hilo nililiandika baadaye kwa kurasa nyingi kuliko lilivyostahili. Babu zetu walipita chini ya milima hii na mizigo ya watu wengine mabegani. Waliougua waliachwa hapo, waliokufa wakazikwa na wenyeji ambao hawakuwa na udugu nao wowote. Watu waliokwisha kuzikana namna hiyo hawawezi tena kugombana, kwa hiyo wakaamua kutukanana. Mtani atakuita mtumwa, atachukua kuku wako, ataingilia mazungumzo yako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Zaidi ya yote, kukiwa na msiba, mtani ndiye anayefanya kazi na ndiye anayewachekesha wafiwa.

Kwa maisha, utani ni kitu kitamu. Kwa utafiti, ni balaa. Hakuna aliyenionya kwamba huwezi kumhoji mtani wako kwa ajili ya shahada. Nilikaa na yule mzee jioni baada ya jioni, mimi na kalamu, yeye na kiko chake, nikimwuliza ukoo wake ulifikaje bondeni pale. Alinijibu kwa uso mkavu kama wa padri. Aliniambia bonde lilikuwa la Wanyamwezi kweli, ila waliliacha kwa uvivu wa kupanda mlima. Aliniambia bibi mkuu wa ukoo wao alilinunua kwa fuko mmoja aliyekaushwa. Mimi nikaandika yote, nikayapanga, nikayapeleka Dar es Salaam, na msimamizi akaizungushia duara nyekundu ile habari ya fuko na kuuliza pembeni kama nina chanzo kingine. Nilimchukia yule mzee siku tatu nzima. Aliposikia kisa cha duara nyekundu alifurahi kuliko mtu aliyeshinda bahati nasibu, na akawa ananiita Mama Fuko mbele ya wageni.

Kidogo kidogo, kati ya uongo na uongo, nilielewa mambo yalivyo. Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi nayo inafuata mkondo huohuo: mwanamume analima ardhi ya ukoo wa mama yake, na akifa, shamba haliendi kwa watoto wake, kwa sababu watoto wake ni wa ukoo mwingine, wa mkewe. Linarudi kwa watoto wa dada yake. Nilivyotoka kwetu, ambako baba ndiye kila kitu, niliuona mpangilio huu kuwa wa ajabu na wa haki. Nikaandika sentensi niliyojivunia: kwamba ukoo wa mama humlinda mwanamke. Msimamizi aliiwekea alama ya vema, ya kwanza tangu tuanze, nami nikatembea nimevimba kichwa.

Shamba lao lilikuwa kando ya kijito, matuta yamepangwa ngazi kwa ngazi, na mfereji mdogo ukileta maji hata kiangazi. Kabichi, karoti, njegere, na pembeni safu za vitunguu. Zamani, waliniambia, mboga zilikuwa za kuuza mjini kidogo na za kula. Sasa magari ya watu binafsi kutoka Dar es Salaam yalikuja mpaka chini ya mlima kuzisubiri, na bonde lenye maji likawa kitu ambacho watu walikitaja kwa kushusha sauti. Mzee alilima na kumwagilia. Mama ndiye aliyeshuka na tenga kichwani kabla hakujapambazuka. Binti yao wa mwisho alikuwa shule ya bweni Turiani, na ada yake ilitoka kwenye yale matuta, kama zilivyotoka za wakubwa wake walioolewa mbali. Nilipenda kukaa pale. Nasema wazi kwamba niliwapenda watu wale, na kwamba kila niliporudi chuoni niliona chakula cha bweni hakina chumvi.

Nilikuwa chuoni, mwaka wa pili umeanza, mfanyabiashara mmoja wa kabichi alipokuja kuniulizia mabwenini. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Aliniambia mzee ameanguka shambani asubuhi, na kwamba alipofikishwa hospitali ya misheni alikuwa ameshakwenda. Walishamzika. Mama alikuwa amesema nisiharakishwe, nina mitihani. Nililia mbele ya yule mtu nisiyemjua, naye akanisubiri nimalize, kisha akaniachia kabichi mbili ambazo sikujua nizifanyie nini.

Nilipanda tena Uluguru kwa ajili ya kuanua tanga, siku ambayo msiba hufungwa na mali ya marehemu kukabidhiwa kwa mrithi wake. Chini ya mlima, njia inapoanza, nilimkuta mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, akipumzika na godoro kichwani. Nilikuwa nimekutana naye mara moja mbili mjini, alipokuwa akifanya kazi kiwandani. Sasa alikuwa anahama. Kiwanda kilikuwa kimepata wenyewe wapya na wenyewe wapya walipunguza watu, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Mkewe alikuwa ametangulia mlimani na watoto.

Alilichukua sanduku langu juu ya godoro lake bila kuniuliza. "Mtani," akasema, "asali ya Tabora iko wapi?"

"Nimeila njiani. Waluguru hawajui thamani ya asali."

Tukacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kudumu. Tulipofika kona ya kwanza akasema bila mimi kumwuliza, "Wananikabidhi bonde la mjomba Jumamosi. Nitafanyaje, mtani? Chumba cha mjini tumerudisha. Watoto wanakula kwa bibi yao, na bibi mwenyewe hana." Nikamwuliza kama anajua kulima kabichi. Akasema atajifunza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu huyu, na kwa kweli ilinisumbua kwamba nilishindwa.

Mama nilimkuta bondeni. Alikuwa ameinama kwenye tuta, kitambaa cheusi kichwani, anapandikiza miche ya kabichi. Siku chache kabla ya kunyang'anywa shamba, yeye anapandikiza. Nikamwamkia, nikambembeleza kama tunavyofanya kwenye msiba, na machozi yetu yalipoisha nikamwuliza miche ile ni ya nini.

"Ilikuwa tayari kwenye kitalu. Ningeiacha ife?"

"Mama, Jumamosi si lako tena."

"Ni lao, mwanangu. Si na wewe ndivyo ulivyoandika?"

Alisema hivyo bila kunisuta, ndiyo maana iliniuma. Niliketi ukingoni mwa mfereji nikaifikiria ile sentensi yangu yenye alama ya vema. Ukoo wa mama ulimlinda mwanamke, sawa, ila ulimlinda kwao, akiwa dada na mama mkubwa wa watu. Kwao mama huyu ni nyuma ya mlima, mwendo wa kutwa, ambako yeye na dada zake na watoto wao waligawana mteremko wa mawe usio na maji. "Kule nina haki," aliniambia. "Hapa nilikuja kwa mtu, na mtu amekwenda." Nyumba hawangemtoa, hawakuwa watu wabaya. Lakini nyumba hailipi ada, na shule ya Turiani ilikuwa inafunguliwa mwezi uliofuata. Nikamwuliza kama amezungumza na mkubwa wa ukoo. Akaniangalia kama mtu anayeshangaa. Mke wa mtu hawezi kwenda kuuliza kama atafukuzwa. Kuuliza kwenyewe ni kama kusema wenye shamba ni wachoyo. Na alinikataza nisiulize kwa niaba yake.

Jumamosi ilianza kwa Misa ya kumwombea marehemu, kisha watu wakajaa uani. Mkubwa wa ukoo alikuwa mzee mfupi aliyestaafu kazi ya reli, miaka mingi akiwa Ngerengere, na aliendesha msiba kama anaondosha treni. Alikuwa na saa ya mkononi na aliitazama kila mara. Saa ya chakula ilikuwa saa ya chakula, na mpishi aliyechelewesha wali alipewa maneno yake.

Mimi nilikuwa Mnyamwezi pekee mahali pale, kwa hiyo kazi yote ya utani ilikuwa yangu. Wanawake wazee walinivuta nyuma ya nyumba, wakanivisha koti la marehemu na kofia yake, wakaniwekea kiko mdomoni. Niliogopa sana. Mtani haruhusiwi kulia, na mimi nilipoingiza mikono kwenye lile koti nilisikia harufu ya tumbaku yake, nikajua nitaharibu. Bibi mmoja akanifinya mkono kwa nguvu. "Ukilia wewe, nani atatunyamazisha sisi?"

Nikatoka uani natembea kama yeye, bega moja juu. Nikakohoa kikohozi chake. Nikamwendea mkubwa wa ukoo nikamwambia kwa sauti ya marehemu kwamba huko nilikokwenda nimewakuta Wanyamwezi wamekalia viti vyote, na Waluguru ndio wanaochota maji. Watu wakaangua kicheko. Nikamwuliza mpishi nani kamfundisha kupika mawe, nikadai kwamba bonde letu tulilinunua kwa fuko mmoja na nataka fuko wangu arudishwe. Pale mama alicheka. Alicheka kwa sauti, akajifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha. Nimepata shahada baada ya hapo, lakini sijawahi kufanya kazi nyingine niliyoiona ya maana kama ile.

Mkubwa wa ukoo akatazama saa yake na kusema twende bondeni, mvua inakuja. Tukashuka sote, watu wa ukoo mbele, majirani nyuma, mimi na koti langu katikati. Alikuwa na jembe la marehemu. Desturi ilikuwa nyepesi: angemkabidhi mpwa jembe, mpwa angepiga ardhi mara moja, na mambo yangekuwa yamekwisha. Mama alisimama peke yake mwisho wa matuta, karibu na mfereji. Ile miche aliyoipandikiza ilikuwa imeshika, imesimama mistari kwa mistari.

Sikuwa na mpango. Watu wamenisifu baadaye kwa akili ambayo sikuwa nayo. Nilikuwa na hasira tu. Nilimwona mzee yule anainua jembe kumpa mpwa, nikapita mbele yao nikaketi chini, katikati ya njia ya kuingilia shambani, na koti la marehemu likaenea kwenye tope.

"Hakuna anayepita," nikasema. "Shamba hili nimeliteka."

Kicheko kikalipuka upya. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mtani huteka kitu msibani, kiti, sufuria, hata jeneza, na hakiachii mpaka mwenye nacho akigomboe kwa jogoo au kwa chochote alicho nacho. Ila shamba zima hawakuwahi kuliona likitekwa. Mtu mmoja akanitupia muhindi wa kuchoma. Mwingine akasema nipewe mume, nitatoka mwenyewe. Niliula ule muhindi na sikutoka.

"Anayerithi ndiye agomboe," nikasema. "Kwa mkono wake. Wengine kaeni pembeni."

Nilidhani nitawachelewesha kidogo, basi. Nilidhani mpwa atatoa kitu, nitasimama, nami nitakuwa nimesema kwa njia ya mzaha lile nililokatazwa kulisema kwa njia nyingine. Akasogea mpaka mbele yangu. Alikuwa amevaa shati la kiwandani lililong'olewa nembo mfukoni, na mahali pa nembo kitambaa kilikuwa cheusi zaidi. Nyuma yake mkewe alibeba mtoto mgongoni na kikapu kilichofunikwa mkononi. Aliniangalia mimi. Akalitazama bonde lote, tuta kwa tuta, mpaka mwisho, kule mama aliposimama. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Mtani," akasema, "sina cha kugombolea."

Mtani hajibiwi hivyo. Mtani hujibiwa kwa tusi, au kwa ahadi ya uongo, au kwa kitu mkononi. Kimya kilitanda pale bondeni, maji tu yakisikika kwenye mfereji. Na katika kimya kile, ndani ya kikapu cha mkewe, jogoo akawika.

Aliwika kwa sauti ndefu, ya kujiamini. Hakuna pale ambaye hakusikia. Mtu gani anakuja kuanua tanga ya mjomba wake, akijua Mnyamwezi yupo, bila kitu cha kugombolea? Alikuwa amejiandaa kama kila mrithi anavyojiandaa. Lakini hakuna aliyegeuza shingo. Wazee walitazama ardhi, wanawake walitazama mawingu, na mke wa mpwa akavuta khanga yake taratibu akakifunika kikapu vizuri zaidi. Mimi niliyeketi kwenye tope ndiye nilikuwa wa mwisho kuelewa, na nilipoelewa nilishindwa hata kutafuna.

Mkubwa wa ukoo akatazama saa yake. Akaitazama sana, kama mtu anayesubiri treni anayojua imechelewa.

"Haya," akasema. "Mtani ameteka. Mrithi hana cha kugombolea. Shamba litakaa kwa mtani mpaka siku litakapogombolewa." Akanigeukia na jembe. "Na wewe Mnyamwezi, unajua kulima kabichi?"

"Sijui, babu."

"Nilidhani hivyo. Nani atakulimia ukirudi kwenye vitabu vyako?"

Nikaonyesha kidole mwisho wa matuta. Mtu mmoja nyuma akasema, "Muoneni mtumwa anavyoajiri watu siku hizi!" na watu wakacheka kwa nguvu kuliko mzaha ulivyostahili, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta njia ya kupumua. Jembe likapita mkono kwa mkono mpaka likamfikia mama. Alilipokea kwa mikono miwili. Akainama akapiga ardhi mara moja, na mvua ikatukimbiza kurudi nyumbani.

Msimamizi wangu aliisoma sura ile mara mbili. Aliandika kwa wino mwekundu kwamba mtafiti hatakiwi kuwa sehemu ya matokeo yake, kisha akanishusha alama. Halafu akafunga mlango wa ofisi na kuniuliza kwa sauti yake ya upole, hivi kisheria kilichofanyika pale ni nini. Nikamwambia sijui. Kwa sheria ya ukoo bonde lilibaki la ukoo, kwa maneno ya kila mtu lilikuwa langu, na kwa jembe lilikuwa la mama. Binti alimaliza shule. Shamba halijagombolewa mpaka leo.

Lakini siku ile ile, mvua ilipokatika, niliteremka na mpwa na mkewe mpaka njiapanda ya nyumba ya mama yake. Njia ilikuwa inateleza, tukatembea kwa kushikana. Nilikuwa na aibu kubwa. Hasira yangu ilikuwa imemgharimu mtu aliyenibebea sanduku, na sikujua pa kuanzia. Nikamwuliza kwa nini.

Akanivusha kwanza penye tope. "Mjomba ndiye aliyenisomesha mimi, mtani, mpaka nikapata ile kazi. Watu wote wanasema hivyo, mjomba, mjomba. Lakini mjomba alikuwa anabaki bondeni. Kabichi za ada yangu zilishuka mlima huu kwenye kichwa cha mkewe."

Mkewe, aliyekuwa mbele yetu na mtoto mgongoni, hakugeuka, lakini alipunguza mwendo. Nikamwuliza tena, kwa sababu sijui kunyamaza inapofaa, sasa yeye na watoto watakula nini.

Akachukua kikapu kutoka mkononi mwa mkewe, akakipima uzito.

"Leo," akasema, "tunakula jogoo."